Maiki ya Mgeni

Mtaani kwetu, huku juu kilimani katika mji wa bandari wa Keelung, Taiwani, watu wanamfahamu Ke Suhui kwa mikono yake. Ni mikono mipana, myekundu kwa maji ya barafu, kwa sababu kila siku tangu saa kumi alfajiri yuko sokoni kwenye duka la madonge ya samaki, anakanda, anafinyanga, anatupia sufuriani. Saa sita mchana anavua aproni, anajisugua na ndimu hadi kwenye viwiko, na mikono hiyohiyo inakwenda kushika gitaa la besi. Jirani akimuuliza bendi yao inaimba nini, anajibu, "Haiimbi." Akiulizwa sasa inafanya nini, anacheka na kupanda ngazi zake.

Bendi yenyewe inaitwa Tani Arobaini. Jina wamelitoa kwenye winchi ya bandarini iliyoandikwa uzito wake ubavuni, na aliyewahi kuwasikia hahitaji kuelezwa zaidi. Ni watu watatu tu. Suhui yuko kwenye besi. Kwenye gitaa yuko Weng Zhaonan, mtunzi wao na msemaji wao, mtu wa maneno mengi kweli, labda kwa kuwa muziki wake hauna hata neno moja. Na kwenye ngoma yuko Boren, mdogo wake Suhui, kijana wa miaka ishirini na sita, msambazaji wa mitungi ya gesi. Mji wetu ni wa ngazi. Boren alikuwa anapanda ngazi mia mbili na mtungi begani huku anapiga mluzi, na akifika juu anamtania mwenye nyumba kabla hata hajautua.

Mama yao alifariki Boren akiwa na miaka tisa na Suhui kumi na tisa. Suhui ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia ngoma za kwanza, akagombana na mtaa mzima kwa ajili ya kelele zake. Mume hakupata, wala sidhani kama alitafuta. Alikuwa na Boren, ikatosha.

Wimbo wao mkubwa ni "Maji Kupwa", dakika kumi na tisa. Unaanza na gitaa linalodondoka kama maji ya paa mvua ikishakatika. Besi inaingia chinichini. Ngoma zinafuata, kitu kinaanza kupanda, kinajirudia na kuongezeka, hadi glasi zinatembea mezani na mbavu unazihisi si zako. Halafu vyote vinakatika kwa mpigo. Kimya. Kimya hicho ndicho watu wanachokifuata kutoka mbali, maana hujui kitaisha lini. Hakihesabiwi kwa vijiti. Boren akiwa tayari anavuta pumzi moja puani, kwa nguvu, wenzake waisikie, na pumzi hiyo ndiyo ishara yao. Wote watatu wanashuka na vyombo vyao pamoja, na ukumbi mzima unarudi nyuma hatua moja.

Mwaka ule walialikwa kupiga katikati ya mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, alasiri, kwenye ghala kuukuu la gatini lililokuwa halitumiki. Keelung mwezi wa saba huwezi kupanga onyesho ukawasahau ndugu wema. Ndivyo tunavyowaita wafu wanaofunguliwa milango mwezi huo, maana jina lao halisi halitajwi hadi uishe. Safu ya viti vya mbele huachwa tupu kwa ajili yao, na meza ya chakula huandaliwa pembeni ya jukwaa. Hata mtoto anajua asikalie vile viti.

"Viti peke yake ni dharau," Zhaonan alisema wakati wanafunga nyaya. Alikuwa anaweka pakiti ya kijani ya bisi juu ya amplifaya yake, kama tunavyofanya wote, ili mashine isilete ukaidi. "Bendi haina mwimbaji, halafu mgeni unamwambia akae tu atutazame? Tumuwekee maiki. Katikati, wazi. Atakayetaka aimbe."

"Wewe una wazimu," Suhui alimwambia.

"Mimi ni msanii."

"Si ndiyo hiyohiyo," alisema Boren, na wote wakacheka.

Basi maiki ikasimamishwa katikati ya jukwaa, ikaunganishwa kweli, sauti ikafunguliwa. Zhaonan akawasha udi, akaushika kwa mikono miwili, akainama mbele ya viti vitupu, akasema kwa sauti karibuni, maiki ni yenu. Suhui hakupenda, lakini watu walikuwa wameshaanza kuingia na mvua yao na miavuli yao. Onyesho likawa zuri kupita yote waliyowahi kupiga. Kile kimya cha "Maji Kupwa" kilishika hadi mtu alisikika akilia nyuma kabisa, kisha Boren akavuta pumzi, wakashuka, na vumbi la miaka likaanguka kutoka darini.

Kosa lilifanyika baadaye, wakati wa kuondoa meza.

Meza ya ndugu wema haiondolewi hivihivi. Unachukua vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja kina upande bapa na upande wa mgongo, unauliza kama wageni wameshiba, unavirusha chini. Kimoja kikilala bapa na kingine mgongo, jibu ni ndiyo. Vyote vikionyesha migongo, jibu ni hapana, unasubiri. Vyote vikionyesha bapa, hapo wanacheka. Kucheka si jibu. Unauliza upya, vizuri zaidi.

Zhaonan alirusha mara tatu, na mara tatu walicheka.

Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi, maana msafara wa taa ulikuwa karibu kufunga barabara na wangekwama gatini na vyombo vyao hadi kesho. Suhui alikuwa amebeba spika mikononi. Alimwona Zhaonan anaviokota vile vipande, anaviangalia, anavitia mfukoni.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wameridhika. Wanacheka."

"Kucheka siyo ndiyo, Zhaonan."

"Anayecheka amekasirika? Beba, twende."

Akachomoa maiki, akakunja waya, akaitia kwenye boksi. Suhui alisimama pale kidogo, spika inamlemea, kisha akaenda. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

*

Wiki mbili baadaye walikuwa mazoezini, kwenye chumba chao cha chini ya duka la tambi. Ilikuwa saa nane mchana na juu yao walisikia wateja wakivuta viti. Wakapiga "Maji Kupwa". Ikapanda, ikafika, ikakatika. Kimya. Suhui akasikia pumzi ikivutwa, akashuka na besi yake, Zhaonan naye akashuka, na ngoma hazikuja.

"Mbona umebaki?" Zhaonan aliuliza kwa hasira.

Boren alikuwa ameinua vijiti, anawatazama. "Nyie ndio mmeingia. Mimi sijavuta bado."

Wakacheka. Wakarudia kutoka pale wimbo unapoanza kupanda. Kimya kikaja, pumzi ikaja, na safari hii Suhui alikuwa anamtazama mdogo wake usoni. Kifua cha Boren kilikuwa kimetulia. Yeye pia alikuwa amegeuza kichwa, anatafuta.

Mara ya tatu Boren aliweka kiganja chake usoni, akaziba pua na mdomo, macho yamemtoka. Wakasubiri. Wateja wa juu walikuwa wamenyamaza. Pumzi ikavutwa. Ilikuwa ndefu, ya taratibu, ya mtu anayejaza kifua kabla ya kufungua mdomo. Ilitoka katikati ya chumba, pale ambapo hakuna aliyesimama, kwenye usawa wa kinywa.

Zhaonan alizima amplifaya yake, akasema labda ni bomba la jikoni. Waliafikiana kwamba ni bomba.

Lakini Boren alianza kuchoka. Kwanza aliacha mluzi. Kisha akaanza kupumzika kwenye kila kituo cha ngazi, mtungi ameutua, mkono ukutani. Mwezi wa nane uliingia, na inavyosemwa, milango ya wageni ilikuwa imeshafungwa. Waliotakiwa kuondoka walikuwa wameondoka. Walipokwenda kupiga mjini Taichung, wimbo ulifika kwenye kimya, na ile pumzi ikatoka kwenye spika zote za ukumbi. Watu mia tatu waliisikia, wakadhani ni sehemu ya wimbo. Ilivutwa muda mrefu hata Suhui akahisi kifua chake mwenyewe kinabana. Alipogeuka, Boren alikuwa ameangukia ngoma zake, mdomo wazi, midomo rangi ya zambarau.

Hospitali walimpiga picha za kifua. Mapafu safi, walisema, mapafu ya mwogeleaji. Daktari akamshauri aache sigara. Boren hajawahi kuvuta hata moja.

Wakaacha kuupiga ule wimbo. Suhui alifikiri ndio mwisho. Siku ya tatu walikuwa wanakula chakula cha mchana nyumbani, wawili tu, wali na mboga na supu ya madonge. Boren akanyanyuka akazima televisheni aongee na simu. Simu ikakatika. Nyumba ikawa kimya kwa muda wa kumeza tonge.

Pumzi ikavutwa. Juu ya meza, kati ya bakuli zao mbili.

Boren akashika kifua. Suhui aliruka akawasha televisheni, akaongeza sauti hadi mwisho, na mtangazaji wa sabuni akajaza chumba. Kifua cha Boren kikafunguka. Alihema kama aliyetolewa majini.

Tangu siku hiyo nyumba yao haikunyamaza tena. Redio jikoni, redio chooni, televisheni sebuleni. Majirani tuligonga, tukatukana kupitia dirishani, na Suhui, ambaye zamani angejibu tusi kwa tusi, aliinamisha kichwa tu na kuomba radhi. Boren alilala akiwa amekaa. Kazi ya mitungi ilimshinda. Alipungua hadi saa ya mkononi ilimzunguka. Na bado zilikuwepo nafasi ndogo ambazo mtu huwezi kuziziba, pale tangazo moja linapokwisha na jingine halijaanza. Suhui alijifunza kuziogopa nafasi hizo. Katika kila moja, kwa kitambo kidogo sana, kuna mtu alikuwa anaanza kuvuta.

"Dada," Boren alimwambia siku moja, kwa kunong'ona, "anataka nini na pumzi yangu?"

Suhui alimwambia anywe supu. Kisha akaenda chooni akalia na redio.

*

Mama Lian anauza udi na vitu vya karatasi vinavyochomwa ili viwafikie wafu, karibu na soko. Ana ulimi mkali na hapendi kuulizwa bei mara mbili. Suhui alimfuata saa saba mchana, akamwambia yote, na Zhaonan aliyekuja naye akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Vipande vilisemaje?" Mama Lian aliuliza.

Zhaonan alitazama viatu vyake. "Walicheka, mama."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukaondoa."

"Lori lilikuwa linasubiri."

Mama Lian aliweka chini bando la udi. Hakupiga kelele, na Suhui anasema hilo ndilo lililomtisha.

"Mliwaalika kula, au mliwaalika kuimba?" aliuliza.

"Kuimba," alisema Suhui.

"Wameimba?"

Suhui akamgeukia Zhaonan.

"Umemwita mtu mbele za watu, umempa maiki. Kila akijaza kifua aanze, mnampigia mangoma na magitaa yenu usoni. Mmemfanyia hivyo mara ngapi? Halafu mnashangaa amekamatia. Anajaza kifua kwa pumzi ya nani, si ya huyohuyo anayempa ishara?" Akamgeukia Suhui, na sauti ikalainika. "Mrudishe mgeni wenu palepale. Meza ileile, maiki ileile. Pigeni mpaka kwenye hicho kimya chenu, halafu nyamazeni. Mwacheni amalize. Ukigusa uzi wa gitaa hajamaliza, binti yangu, usirudi kwangu. Sitakuwa na la kukuuzia."

"Ataimba muda gani?"

"Nitajuaje? Mimi nauza udi."

Walikwenda siku ya pili yake, saa sita na nusu mchana, mvua inanyesha wima. Lile ghala lilikuwa wazi na tupu, maji yametuama chini. Suhui alipanga meza kwa mikono yake: wali, biskuti, vikombe vitatu vya mvinyo wa mchele, udi. Zhaonan akasimamisha maiki katikati na kuiunganisha kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, na akaiweka mashine irekodi, kwa mazoea tu. Mama Lian alikuja na mwavuli wake, akakataa kuvuka kizingiti. Boren walimsaidia kukaa kwenye kiti cha ngoma.

Suhui alipiga magoti mbele yake, akamfunga kamba za viatu kama alivyokuwa anamfunga akienda shule.

"Sikiliza. Kimya kikija, usivute kwa nguvu. Usitupe ishara. Nitazame mimi tu."

"Nikishindwa?"

"Nitazame mimi."

Wakapiga. Mwanzo ulikuja vibaya, vidole vya Zhaonan havikuwa na utii, kisha ukashika. Ukajirudia. Ukapanda. Mabati ya ghala yakaanza kuimba, maji ya chini yakatetemeka. Boren alikuwa anapiga kwa mikono isiyo na nguvu, lakini hakukosea hata pigo moja. Walifika kileleni.

Wakakata.

Mvua ilisikika juu ya bati.

Kisha mvua haikusikika. Suhui aliiona mlangoni, inaanguka, inapiga mwavuli wa Mama Lian. Haikuwa na sauti.

Pumzi ikaanza.

Moshi wa udi ulikuwa unapanda wima. Ukapinda. Ukaelekea kwenye maiki, mwembamba, kama unavutwa na mrija. Pumzi iliendelea. Boren alifungua mdomo. Kifua chake kiliingia ndani, kikaingia tena, shati likashika mbavu.

Pumzi ikaisha. Ikafika mwisho wake, ikajaa.

Taa za mashine ya sauti zikawaka. Kijani. Njano. Nyekundu. Zikabaki kwenye nyekundu. Kitu kilikuwa kinaingia kwenye maiki, kikubwa kuliko wao wote watatu, na Suhui hakusikia chochote. Alihisi tu kwenye meno. Moshi sasa ulikuwa unarudi nyuma, unasukumwa. Mvinyo kwenye vikombe ulikuwa umelalia upande mmoja.

Alimtazama Boren. Boren alikuwa anamtazama yeye.

Hakuwa anapumua. Midomo ilikuwa zambarau, kisha ikawa ya kijivu. Macho yake yalikuwa yanauliza swali moja. Kidole cha Suhui kilikuwa juu ya uzi mnene. Pigo moja tu. Angeugusa, wangeshuka, mdogo wake angepata hewa hapohapo, kama alivyoipata nyumbani televisheni ilipowaka. Na mgeni angebaki na kifua chake kimejaa, na kesho wangeanza upya.

Boren akainua mkono kidogo. Aliomba.

Suhui akatikisa kichwa.

Machozi yalikuwa yanamtoka na alitikisa kichwa. Zhaonan alikuwa amefumba macho. Taa ziliendelea kuwaka nyekundu. Mkono wa Boren ukashuka taratibu, ukalala juu ya ngoma bila kutoa sauti. Macho yake hayakufumba. Yaliendelea kumtazama dada yake, lakini lile swali halikuwamo tena.

Suhui alisubiri. Hakuhesabu. Aliogopa kuhesabu.

Taa zikashuka. Njano, kijani, giza. Moshi ukasimama wima. Mvua ikarudi juu ya bati kwa kishindo, na Zhaonan akapiga kelele ya woga.

Boren akakohoa.

Akakohoa tena, akapangusa mdomo, akakaa sawasawa. Mashavu yalikuwa yanarudiwa na rangi. Suhui alidondosha gitaa, akamkumbatia hadi vijiti vikaanguka.

"Dada," alisema Boren, sauti yake ileile. "Nina njaa."

Suhui ndiye aliyerusha vile vipande vya mti, magoti yake majini. Aliuliza kama mgeni ameridhika na kama atakwenda zake. Kimoja bapa, kimoja mgongo. Akarusha tena. Bapa na mgongo. Mara ya tatu, vilevile. Mama Lian alichungulia kutoka mlangoni, akasema basi, chomeni karatasi mwende nyumbani. Suhui anasema hakuwahi kufurahi vile maishani mwake, na hajafurahi vile tena.

*

Boren alipona, tena kwa haraka ya kushangaza. Wiki mbili hazikuisha alikuwa amerudi kwenye mitungi. Bosi wake alimsifu kwa kila mtu: anapanda ngazi mia mbili, anafika juu, hahemi hata kidogo. Redio zilizimwa. Nyumba ilikuwa kimya na hakuna kilichovuta pumzi ndani yake. Majirani tulishukuru.

Zhaonan aliisikiliza ile rekodi peke yake, kisha akamwita Suhui kwenye chumba chao cha chini, mchana, akamuwekea vipokea sauti masikioni. Wimbo ulipanda, ukakatika. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Si mvua, si mngurumo wa nyaya, si chochote. Zhaonan alimwonyesha saa ya mashine kwa kidole. Kutoka mwanzo wa kile kimya hadi Boren alipokohoa, zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

"Mashine ilikosea," Suhui alisema.

"Labda," alisema Zhaonan.

"Futa."

Akafuta mbele yake.

Mwezi wa kwanza ukaja na baridi kali, nyuzi joto nane, ile ya Keelung inayoingia hadi kwenye mifupa. Walikuwa wamealikwa Taipei, na saa tatu asubuhi walisimama wote watatu kando ya barabara, vyombo chini, wanasubiri lori. Soko lilikuwa limechangamka. Muuza maandazi ya mvuke alikuwa anafunua vifuniko vyake. Zhaonan alikuwa anasimulia habari za mpenzi wake mpya, na kila neno lilimtoka na wingu jeupe mdomoni. Wapita njia wote walikuwa na mawingu yao. Mbwa aliyelala chini ya meza ya maandazi alikuwa na lake.

Boren alicheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, mdomo wazi. Kisha akasema kitu kirefu, akamtania Zhaonan, akacheka tena. Hapakuwa na kitu mbele ya mdomo wake. Hewa ilikuwa safi, Suhui aliona hadi ng'ambo ya barabara kupitia pale.

Alitazama muda mrefu. Alimtazama usoni, macho yaliyojaa furaha, sikio lenye kovu alilolipata alipoanguka akiwa na miaka kumi. Alikuwa ni yeye. Muuza maandazi alikuwa anageuka kuwaelekea, anataka kuwauliza kama watanunua.

Suhui akasogea. Akasimama karibu kabisa na mdogo wake, bega kwa bega, uso wake ukiwa mbele kidogo ya uso wa Boren, akajaza kifua, akatoa pumzi ndefu. Wingu likawafunika wote wawili. Akajaza tena, akatoa tena.

"Dada, mbona unahema hivyo?" Boren aliuliza.

"Baridi," alisema Suhui, na akaendelea kupumua kwa ajili ya watu wawili hadi lori lilipofika.